Pamba ya Boila

11 Januari

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu mara ya mwisho nilipokupigia simu na kukuuliza umekula nini, ulinijibu, "Na wewe pia." Karatasi haina haja ya kupigiwa kelele.

Huku wazima. Mama magoti yanamkorofisha kwenye ngazi, lakini mdomo uko salama, anabishana na redio kutwa nzima. Bado anakula kwa sahani yake na kikombe chake, anaviosha mwenyewe na kuvirudisha kwenye rafu yake peke yake. Nimechoka kumwambia kwamba alishapona kile kifua miaka mingi iliyopita. Anakusalimu, na anauliza nani anakushonea vifungo.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata kazi ya kusoma vitabu vya shule kwa sauti, virekodiwe kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Uliniita Kasuku kwa sababu nilikuwa nasoma maandishi ya kila pakiti iliyowekwa mezani, basi kasuku kaajiriwa. Nimegeuza chumba cha nyuma kuwa studio: meza, maikrofoni, kompyuta, blanketi mlangoni. Tatizo ni chumba chenyewe. Kuta ni saruji tupu, nikipiga kofi moja narudishiwa matatu. Sura tatu za jiografia zimerudi. Mwalimu wao aliniambia kwa upole kabisa, "Wanafunzi wanauliza kwa nini dada anasoma akiwa bafuni." Wamenipa mpaka katikati ya Aprili nirekebishe, la sivyo kazi anapewa mwingine.

Seremala wa jirani amenitengenezea fremu nane za mbao, urefu mita moja na robo, upana nusu ya hapo, kina kama kiganja. Zinajazwa kitu cha kunywa sauti, zinafunikwa kitambaa, zinatundikwa ukutani. Lakini zijazwe nini? Muuza magodoro anasema sponji. Seremala anasema matambara. Dukani kuna sufi ya kioo na sufi ya mawe, nyuzi za kuzuia joto, na muuzaji hajui tofauti yake zaidi ya rangi. Wewe umevisha mabomba na maboila ya mvuke kiwandani, yasipoteze joto, miaka thelathini. Niambie.

Mpwa wako,
Kasuku

2 Februari

Kasuku, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mimi sijambo, ila ngazi za nyumba hii zimeongezeka, zamani zilikuwa kumi na mbili. Sikio la kulia limekufa kabisa. La kushoto linasikia mtu akija karibu na akiwa na adabu. Mwambie dada vifungo vipo vyote, nashona mwenyewe, na vingine vimekaa upande usiotakiwa lakini vinafunga.

Umechekesha, kumuuliza kiziwi habari za sauti. Lakini kinachozuia joto mara nyingi hunywa na sauti, kwa hiyo sikiliza.

Sponji ya godoro inakata sauti nyembamba tu, nzito zinapita kama hazijaona kitu, na ikishika moto usiwe ndani. Matambara yanasinyaa, baada ya mwaka fremu iko tupu juu na imejaa chini. Trei za mayai ambazo watu hubandika ukutani, mwachie muuza mayai. Sufi ya kioo inafaa, ila inawasha, na ile nyepesi ya dukani inalegea. Chukua sufi ya mawe, ile iliyobanwa ikawa kama ubao mzito, unene wa sentimita kumi. Usiigandamize fremu ukutani, acha nafasi ya ngumi moja nyuma yake, hapo ndipo sauti nzito inapochokea. Kitambaa ukipime kwa mdomo: puliza, pumzi ikipita, sauti itapita.

Na uvae barakoa ukikata. Glavu, mikono mirefu. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kisu. Hata kama ni sufi mpya na muuzaji anakucheka. Usiniulize kwa nini, vaa tu.

Mkazamjomba wako angefurahi kusikia unalipwa kwa kusoma. Chumba chake sijakigusa.

Mjomba wako

20 Februari

Mjomba, shikamoo.

Asante kwa barua. Seremala ameisoma akatikisa kichwa, akasema, "Huyu mzee anajua." Ametaka kuibakiza.

Nyumbani salama. Mama amepata miwani mpya lakini anasema inamwonyesha uzee wa watu, kwa hiyo haivai. Barua zako namsomea mimi. Kuhusu vifungo alicheka, halafu akaenda kuosha kikombe chake kilichokuwa safi. Mimi huwa sielewi, Mjomba. Ndugu wawili mnaopendana hivi, na miaka kumi na miwili hajakanyaga kwako. Nikimuuliza anasema safari ni ndefu.

Sufi ya mawe ilikuwa imeisha dukani. Wameagiza nyingine, na watanipatia mwezi wa tano Mungu akipenda. Sasa Mama amekumbuka kwamba ulipokuja kumsaidia kujenga hii nyumba ulileta magunia ya pamba nyeupe kutoka kiwandani, nyingine mkaiweka juu ya dari ya jiko, na matatu yalibaki. Nimepanda stoo nikayakuta. Nimefungua kidogo kona ya moja. Ndani kuna kama mablanketi, manene, ya kijivu-nyeupe, laini kuliko nilivyotarajia. Nikibonyeza linarudi. Hayana maandishi. Je, ndiyo sufi ya mawe? Kama ndiyo, Mungu amenionea huruma. Nijibu mapema.

Kasuku

14 Machi

Kasuku,

Barua yako imekaa mezani kwangu kuliko ilivyostahili. Nilikuwa na mambo.

Hayo magunia yaache. Ni ya zamani sana, yatakuwa yamekula unyevu, panya wamezaa humo, na harufu ya mkojo wa panya ikiingia chumbani haitoki. Funga ile kona uliyofungua uyaache palepale. Subiri ya dukani. Waombe wale watu wa vitabu wakuongezee muda, kazi nzuri haikimbizwi.

Msalimie dada.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Naandika nikiwa studio, na natamani ungekuwa na masikio uisikie. Nikipiga kofi halirudi, linazama kama jiwe kwenye bwawa.

Najua uliniambia niyaache magunia. Lakini niliyateremsha, tukayafungua uani mimi na Mama. Yamekauka kama biskuti, Mjomba. Hakuna unyevu, hakuna harufu, na panya wako sikumwona hata mmoja. Niliwaomba watu wa vitabu muda wakakataa. Nikasema Mjomba ana wasiwasi wa kizee, nikachukua msumeno.

Ilituchukua siku mbili. Mama alishika ncha, mimi nikikata. Jua lilikuwa kali nikavua barakoa saa ya kwanza tu, ile pamba haiwashi hata kidogo, tofauti na ulivyosema. Vumbi ndilo lilikuwa jingi, jeupe, kope za Mama zikawa kama za mtu aliyetoka kusaga unga. Alicheka mpaka akakohoa. Sijamwona akicheka vile tangu niwe mtu mzima. Akafagia ua, akakung'uta kanga zetu kwenye kamba. Vipande vilivyobaki amevishonea mto wa kuwekea magoti.

Jiografia imepita. Mwalimu amesema safari hii wanafunzi hawakuuliza chochote, wamesikiliza tu. Wameniongezea vitabu vinne.

Kwa hiyo asante, hata kama hukutaka.

Kasuku

8 Mei

Mjomba, shikamoo.

Zaidi ya mwezi kimya. Nimeuliza posta, wanasema bahasha yangu ilifika na uliipokea mwenyewe.

Mama anasema umekasirika kwa kuwa tumetumia kitu chako bila ruhusa. Mimi nikasema Mjomba hanuni kwa sababu ya pamba. Ndipo akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Kwamba magunia yamekukumbusha mke wako. Kwamba mwaka ule alipougua kifua kikuu, akakaa kwenu miezi mitatu kwa kuwa hospitali ilikuwa karibu, mkazamjomba alimhudumia kwa mikono yake, na mwaka uliofuata naye akaanza kukohoa, akafa. "Mimi ndiye niliyempelekea," alisema. "Mdogo wangu hajawahi kunitamkia, ni mtu mwema. Lakini anajua, na watu wa kule wote wanajua." Ndiyo maana haji kwako, na ndiyo maana ya ile sahani.

Alikuwa anachambua mchele wakati anasema. Hakulia.

Mjomba, mwandikie neno. Mwambie humlaumu. Wewe tu ndiye anayeweza kumtoa hapo.

Kasuku

21 Mei

Kasuku,

Hii nimempa dereva wa basi mkononi, sikutaka ipite posta. Kabla hujasoma zaidi, simama, toka katika hicho chumba, funga mlango, usirudi. Usifagie. Usikung'ute kitu. Usizitoe fremu ukutani. Ule mto wa dada mwagieni maji ya sabuni ulowe kabisa, mfunge ndani ya mifuko miwili ya nailoni, muuache nje. Mwende kwa maofisa wa afya mkaseme mna asbesto ndani ya nyumba, chumbani na juu ya dari ya jiko. Watajua la kufanya. Kisha endelea kusoma.

Tuliiita pamba ya boila. Ni asbesto. Vumbi lake ni sindano ndogo zisizoonekana, zikiingia kifuani hazitoki. Haziwashi, ndiyo ubaya wake. Mtu anakaa miaka ishirini, thelathini, ndipo zinaanza kazi.

Nilikuwa msimamizi wa kikosi cha mabomba. Wanaume kumi na wanane chini yangu. Mmoja aliniuliza kama vumbi lile lina madhara, nikamwambia, "Hakuna aliyekufa kwa kula unga." Waliangua kicheko. Mabaki nilikuwa nawagawia, kila mwenye kujenga apeleke kwake, pamba ile haiungui na haipitishi joto, na nilionekana msimamizi mwenye moyo. Na nyumbani kwa dada nikaileta pia. Sikujua wakati ule. Naapa sikujua.

Nilijua hospitalini. Mkazamjomba wako alipougua walimpima kifua kikuu mara tatu, hawakukuta. Daktari akamuuliza, "Mumeo anafanya kazi gani?" Akamwambia. Daktari akauliza, "Nani anafua nguo zake?" Akajibu kwa fahari, ameketi wima pale kitandani, "Mimi mwenyewe. Sijawahi kumpa mtu mwingine." Kila jioni alikuwa akikung'uta ovaroli langu mlangoni kabla ya kulitia kwenye beseni. Miaka ishirini na sita. Daktari akanitazama mimi, si yeye.

Ilikuwa saratani ya utando wa mapafu. Karatasi ya majibu niliikunja nikaitia mfukoni. Nilipofika nyumbani majirani walikuwa wameshaamua kwamba ni ugonjwa aliouleta dada, wakaniuliza, "Ni kile kifua, siyo?" Nikasema ndiyo. Neno moja tu, nikafikiri nitalirekebisha kesho. Hata mke wangu sikumwambia. Alikufa akiamini ni kifua kikuu, na alinisihi nisimlaumu wifi yake.

Siku ya mazishi dada alisimama nje ya geti, kitambaa mdomoni, asije akaambukiza waombolezaji. Nilimwona. Nilipita.

Na wewe uliponiandikia habari za magunia, nilikaa na barua siku kumi na tano nikitafuta sababu nyingine yoyote ya kukuzuia. Nikapata panya.

Kifua changu mimi mwenyewe kilishapigwa picha mwaka juzi. Usiulize.

Msomee dada yote. Usiruke.

Mjomba wako

17 Juni

Mjomba,

Salamu sina.

Barua ilifika tarehe ishirini na tatu. Nilimsomea Mama jikoni, yote, kama ulivyotaka. Nilipofika pale pa daktari wa mkazamjomba akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma. Akasema, "Tena." Mara ya tatu akasema, "Basi." Akainuka, akachukua sahani na kikombe chake kutoka kwenye rafu yake akaviweka pamoja na vyetu. Siku ya tatu akaniambia, "Miaka kumi na miwili napumua pembeni pembeni, kama mwizi." Halafu akaniuliza kama chai imechemka.

Maofisa walikuja wanne, wamevaa nguo nyeupe mpaka vichwani. Walinyunyiza maji, wakafunga fremu moja moja, wakaondoa dari yote ya jiko, wakakomba udongo wa uani mahali tulipokatia. Mtaa mzima ulisimama kuangalia. Kompyuta waliipangusa vumbi, lakini maikrofoni, blanketi, mapazia na zile kanga vimekwenda. Seremala hapiti tena upande wetu. Kazi ya vitabu amepewa mwingine.

Daktari alituuliza, "Mlikata kwa muda gani?" Nikasema siku mbili. "Na ndani ya chumba umekaa muda gani?" Wiki saba, kila siku. Akasema wengi hawapati kitu kwa muda mfupi kama huo. Akasema pia kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kuniahidi. Nirudi kila mwaka. Nina miaka thelathini na mmoja, Mjomba. Nikifika umri wako ndipo nitajua. Mama yeye alimwambia daktari, "Mimi nishachelewa hata kuugua," na daktari akacheka, mimi nilishindwa.

Ungeandika neno moja. Tarehe kumi na nne Machi, badala ya panya, ungeandika neno moja. Mkono ulikuwa wako na kalamu ilikuwa yako.

Sikuandikii ili nikutukane, hilo nimelifanya hapa peke yangu na limeisha. Nakuuliza jambo moja. Wanaume kumi na wanane. Uliwagawia. Hizo nyumba ziko wapi, na nani analala chini ya hizo dari, na kuna anayejua?

Mpwa wako

9 Julai

Kasuku,

Nimepokea. Ulichosema ni haki yako.

Kuhusu zile nyumba, nilizihesabu kichwani, zinakaribia kumi na tano. Wenzangu wengi wameshakufa. Wa kifua, wa moyo, wa uzee, nani anajua. Waliobaki ni wazee, nitawaambia nini? Kwamba nilichowapa kwa mkono wa kulia ni hiki? Pamba ikikaa kimya juu ya dari haimdhuru mtu, anayeichokoza ndiye anayeumia. Pengine hakuna anayeichokoza. Na mimi hata nikienda, nitabisha hodi na sitasikia wanavyonijibu. Nitasimama mlangoni kama mti. Kutoka kitandani hadi getini napumzika mara mbili.

Niache nimalizie hapa.

Mjomba wako

23 Julai

Mjomba, shikamoo.

Nilimsomea Mama barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo kinachomzuia ni masikio." Nikasema ndivyo alivyoandika. Akasema, "Masikio yangu mimi ni mazima."

Nikamuuliza kama amekusamehe. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza bei ya mwezi. "Nani kasema habari za kusamehe?" akasema. "Kuna watu wanalala chini ya kile kitu. Na mimi najua ilivyo, mtu akikaa na uongo wa mwenzake."

Anapanda basi Alhamisi. Usimwandalie kitu. Fungua chumba cha mkazamjomba, afagie atakavyo, ila ukiwa na ovaroli lolote la zamani humo, mwite ofisa kwanza. Amebeba miwani yake, kwa mara ya kwanza.

Kasuku

30 Agosti

Kasuku, marahaba.

Dada hajambo. Magoti yanamuuma lakini hataki kusema, nami namwona anavyoshuka ngazi upande upande. Amehamisha vifungo vyote vya mashati yangu. Alipofika hakunisalimu, aliweka begi, akaingia chumbani kwa mke wangu, akakaa humo mpaka adhuhuri. Maofisa walikuwa wamelitoa ovaroli wiki ile ile, lilikuwa limekunjwa chini ya kitanda, limefuliwa. Alipotoka alisema, "Tuanze na nani?"

Tumekwenda nyumba kumi na mbili katika wiki tatu. Tunatembea asubuhi, mimi nikikaa kwenye kila jiwe njiani. Yeye anasimama upande wangu wa kushoto. Mimi nasema niliyokuja kusema, mwenye nyumba anajibu, na dada anainama sikioni kwangu ananiambia kilichosemwa. Hapunguzi hata neno. Mlango wa kwanza ulikuwa wa yule aliyekuwa akishika mkasi wa mabati kikosini, tulikula naye meza moja miaka tisa. Dada akaniambia, "Anasema wewe ni muuaji." Kisha, "Anasema uondoke." Kisha, "Anasema usiondoke, kaa chini, anataka kujua dari aifanyeje." Tukakaa.

Kwingine walituletea viti na maji, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kuna nyumba mbili ambazo pamba iko juu haijaguswa tangu iwekwe, maofisa wamekwenda. Kuna moja wajukuu walikuwa wakiitumia kujazia banda la kuku, wanaipasua kwa mikono. Hapo dada alinishika mkono kwanza, ndipo akaniambia. Nyumba tano mwenyewe ameshakufa. Nilikuwa nauliza kwa nini, naye dada ananirudishia majibu. Kifua. Kifua. Ajali. Kifua. Hawajui.

Kipimo chako cha mwakani usikikose. Nimeandika majina yote ya kikosi na mahali walipoishi, nikazitoa na karatasi za hospitali za mke wangu, ile niliyoikunja na nyingine. Zote nimezipeleka kwa maofisa wa afya kwa jina langu, na nakala zake zimo ndani ya bahasha hii. Wakikuuliza, waonyeshe.

Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa jana. Alitoka mwanamke wa umri wako, fundi cherehani, sindano kifuani mwa gauni. Baba yake ndiye yule aliyeniuliza kama vumbi lina madhara. Alishakufa. Mama yake yuko hai, anakohoa chumba cha ndani, hata mimi niliyaona mabega ya yule binti yakishtuka kila mara. Alifua nguo za mumewe maisha yake yote. Nikasema yangu. Yule binti akaangalia dari, kisha akasema kitu. Dada akainama.

"Anauliza ulijua tangu lini."

Katika milango kumi na moja hakuna aliyekuwa ameuliza hilo. Dada alibaki pale pale sikioni kwangu, nasikia anavyopumua.

Nikasema, "Miaka kumi na miwili. Tangu mke wangu alipougua. Nilisema ni ugonjwa wa dada yangu, na haukuwa wa dada yangu."

Yule binti alikuwa hatua mbili mbele yangu. Alikuwa amesikia vizuri, mkono ulishakwenda mdomoni.

Dada akasema, "Sema kwa sauti. Hajasikia."

Nikasema tena.

Mjomba wako